Kapteni Grant, Mchoraji wa Karagwe ya Rumanyika

Katika nchi zetu za magharibi ya ziwa, kila mtoto aliyepita darasani amelisikia jina la Speke, yule Mwingereza aliyetafuta chemchemi ya mto Nile. Jina la mwenzake, James Augustus Grant, hutajwa mara moja tu, tena kwa kufuatana na la Speke kama mkia ufuatavyo ng'ombe. Walakini Speke alipita Karagwe kwa haraka akitazama mbele, na Grant ndiye aliyekaa. Alikaa kwa sababu hakuweza kusimama. Na kwa kuwa alikaa akiwa na kalamu na rangi mkononi, leo tunazo sura za Karagwe katika siku za ufalme wake kamili, miaka mingi kabla ya chombo cha kupigia picha kuingia katika nchi hii.

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 huko Nairn, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Uskoti, ambako baba yake alikuwa mchungaji. Alisoma Aberdeen, na mwaka 1846 akaingia katika jeshi la Bengal, Bara Hindi. Alipigana katika vita vya Masingasinga mwaka 1848 na 1849. Yalipotokea maasi makubwa ya mwaka 1857 alikuwamo katika kikosi kilichokwenda kuuokoa mji wa Lucknow, na huko akajeruhiwa mkono wa kulia. Jambo hili msomaji alikumbuke, maana picha zote tutakazozieleza zilifanywa na mtu ambaye mkono wake ulikwisha pata ajali ya vita.

Huko Bara Hindi ndiko alikojuana na John Hanning Speke, wote wawili wakiwa maofisa vijana wapendao kuwinda. Speke alikwisha liona ziwa upande wa Mwanza mwaka 1858, na wakubwa wa elimu ya nchi huko London walipompa safari ya pili ili kuthibitisha maneno yake, Grant aliomba kufuatana naye. Waliondoka Uingereza mwezi wa Aprili 1860, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakafika Unguja mwezi wa Agosti.

Kazi ziligawanywa. Speke alichukua kupima njia kwa nyota na kukusanya wanyama na mawe. Grant alipewa mimea, vipimo vya joto na mvua, na kazi ya kupiga picha. Huko Unguja alizipiga kweli, na picha hizo za mwaka 1860 zimo miongoni mwa za kwanza kabisa zijulikanazo kupigwa katika kisiwa kile.

Lakini kupiga picha kwa siku zile hakukuwa kama tukujuavyo sisi. Mpigaji alitwaa kipande cha kioo, akakimwagia dawa nzito iliyonata, akakitia katika maji ya fedha ndani ya hema la giza, kisha akakimbia nacho kingali kibichi mpaka kwenye kamera. Baada ya picha kushika ilimpasa kurudi upesi katika hema lile lile kukiosha kabla dawa haijakauka. Fikiri sasa hema dogo lisilopitisha mwanga wala hewa, jua la pwani ya Afrika likilipiga juu, na ndani yake mtu anayevuta harufu ya dawa kali. Fikiri pia wapagazi wanaobeba visanduku vya vioo na chupa katika njia za Usagara na Ugogo. Baadaye Speke aliona kazi hiyo imezidi nguvu za mwili katika hali ya hewa ya nchi hizi, vyombo vikarudishwa pwani, na Grant akaanza kuchora kwa rangi za maji. Kama si joto la lile hema, labda tungekuwa na uso wa Rumanyika katika kioo. Tumepata karatasi badala yake.

Safari ya bara ilikuwa ya taabu. Walitoka Bagamoyo mwezi wa Oktoba 1860, wakafika Kaze karibu na Tabora mwezi wa Januari 1861, na huko wakakwama kwa miezi mingi, maana Waarabu na Manua Sera walikuwa vitani, na wapagazi hawakupatikana. Msafara uligawanywa, na ule aliouongoza Grant ulinyang'anywa mizigo na watu wa mtemi Myonga mwezi wa Septemba. Kila walipopita, watemi walidai hongo ya nguo na shanga, na huko Usui kwa Suwarora walidaiwa mpaka wakachoka. Basi mwezi wa Novemba 1861 walipanda kuelekea kaskazini kwa njia ya bonde la Burigi, lile ziwa lililo kati ya Muleba, Karagwe na Biharamulo, wakaingia katika nchi ya Rumanyika. Hapo mambo yaligeuka. Mfalme alikwisha toa amri kwamba wageni wapewe chakula katika kila kituo, wala wasidaiwe hongo. Tarehe 25 Novemba wakafika Bweranyange.

Rumanyika Orugundu alikuwa Omukama wa ukoo wa Bahinda, ukoo mmoja na zile nyumba zilizotawala Ihangiro katika Muleba ya leo na Kyamtwara katika Bukoba. Kwa hiyo desturi nyingi za jumba lake zingefahamika na wazee wa pande hizi: ng'ombe, ngoma za enzi, sherehe ya mwezi mwandamo. Alirithi kiti cha baba yake Ndagara baada ya mashindano na ndugu zake, na wageni waliambiwa ya kwamba katika jaribio la kuchagua mfalme ni yeye tu aliyeweza kuinua ngoma ndogo ya enzi, ambayo mikononi mwa wengine ilikuwa nzito kupita kiasi. Speke na Grant, ambao katika vitabu vyao hawakuwa wepesi wa kuwasifu watemi, wote wawili walimsifu huyu kwa upole, kwa adabu na kwa akili ya kuuliza maswali. Alikuwa pia amezoea wageni, kwa kuwa wafanya biashara wa Kiarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na jumba lake.

Mwezi wa Desemba mguu wa kulia wa Grant ulianza kuvimba juu ya goti. Uvimbe ulikuwa na maumivu makali, ngozi ikapasuka, usaha ukatoka kwa miezi. Waganga wa nchi waliletwa wakajaribu dawa zao, naye akazikubali, maana dawa za Ulaya alizokuwa nazo hazikumsaidia. Matabibu wa siku zetu waliosoma maelezo yake wamedhani kwamba huenda alipatwa na kile kidonda kiitwacho Buruli, kilichopewa jina la wilaya moja ya Uganda. Kama ndivyo, basi maelezo ya Grant juu ya mguu wake mwenyewe ni ya kwanza kuandikwa juu ya ugonjwa huo, miaka zaidi ya 30 kabla ya daktari Albert Cook kuuandika huko Mengo mwaka 1897.

Tarehe 10 Januari 1862 Speke aliitwa kwenda kwa Mutesa, mfalme wa Buganda. Desturi ya Buganda haikuruhusu mgeni mgonjwa kuingia nchini, basi Grant akaachwa. Kwa miezi mitatu alikuwa chini ya mkono wa Rumanyika, hawezi kutembea, hajui kama mwenzake yu hai au amekufa. Mali aliyobaki nayo ilikuwa kidogo. Kama mwenyeji wake angetaka kumfukuza, au kumwacha tu afe, nani angemwuliza? Chakula kililetwa. Wana wa mfalme walikuja kumtazama na kuzungumza naye.

Hapo ndipo alipochora. Mtu asiyeweza kwenda hutazama kile kinachopita mbele yake, na mbele ya Grant watu wa Karagwe walipita kila siku. Alichora nyumba na vilima, akachora watu, mavazi yao, vyombo vyao vya muziki, na ngoma walizocheza. Alikausha mimea pia na kuandika majina na matumizi yake kama alivyoambiwa na wenyeji. Orodha ya mimea ya safari ile, iliyochapwa London baada ya mwaka 1870 na chama cha elimu ya viumbe kiitwacho Linnean, hutumiwa hata leo na wenye elimu hiyo. Kitabu chake mwenyewe cha mwaka 1864 kimejaa habari za namna hiyo: watu wanakula nini, wanalima vipi, mtego unategwaje. Speke aliandika zaidi juu ya wafalme na njia. Anayetaka kujua siku ya kawaida ilivyokuwa Karagwe mwaka 1862, na aende kwa Grant.

Thamani ya karatasi hizo twaiona vema tukitazama yaliyofuata. Rumanyika alimpokea Stanley mwaka 1876, naye akafariki dunia karibu na mwaka 1878. Baada yake nyumba ya kifalme ilifarakana. Kisha ikaja sotoka ya miaka ya 1890, ikafagia ng'ombe ambao ndio waliokuwa utajiri na heshima ya Bahinda. Mwaka 1890 Emin Pasha alijenga boma la Kijerumani Bukoba. Msafara mkubwa wa Mtawala wa Mecklenburg ulipoanza safari yake hapa Bukoba mwaka 1907, ukiwa na kamera nyepesi na vioo vikavu visivyohitaji hema la giza, Karagwe waliyoiona ilikuwa nchi nyingine. Zile ng'ombe na ile fahari hazikuwapo tena za kupigwa picha.

Lakini yatupasa kuzitazama picha za Grant kwa macho mawili, wala si kwa jicho la shukrani peke yake. Kwanza, picha ambazo watu wengi wamezijua si zake hasa. Kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, sehemu kubwa ya picha zake ilitokana na kazi ya Grant, lakini zilichorwa upya na msanii J. B. Zwecker na kuchongwa katika mbao ili zipigwe chapa. Mafundi hao walifanya kazi mezani kwao London. Mtu aliyekaa chini ya mti kwa utulivu aliweza kutoka mikononi mwao amenyoosha mkono kama mchezaji wa jukwaani, na kilima cha Karagwe kikapata umbo la kilima cha kwao. Anayetaka kujua Grant aliona nini, itampasa azitazame karatasi zenyewe, nazo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, mjini Edinburgh.

Pili, ni maneno yaliyowekwa kando ya picha. Katika kitabu kile kile Speke aliandika dhana yake kwamba watawala wa nchi hizi, kwa kuwa walikuwa warefu na wenye sura aliyoipenda, walitokana na watu waliohamia kutoka Uhabeshi, tena kwamba walikuwa bora kuliko wakulima waliowatawala. Hakuwa na ushahidi ila macho yake. Mbegu ile ilipandwa katika vitabu vya shule na katika maofisi ya serikali za kikoloni, ikawagawa watu waliokuwa na lugha moja na vilima vimoja, na matunda yake machungu yalionekana Rwanda mwaka 1994. Sisi tulio jirani, tuliowapokea wakimbizi wa nchi ile, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Picha ya uso haisemi neno. Aliyeandika chini yake ndiye aliyesema.

Tena iko habari ya wake wa jumba la Rumanyika, waliolishwa maziwa mpaka wakawa wanene hata kusimama kukawa shida. Kwa Bahinda wa siku zile unene huo ulikuwa dalili ya mali na heshima ya mume mwenye ng'ombe wengi. Speke alimpima mmoja wao kwa kamba, mkono, kifua, paja, kisha akayachapa mahesabu yake, na habari hiyo imekaririwa katika vitabu vya safari mpaka leo, mara nyingi kwa kicheko. Mgeni aliyekula chakula cha nyumba, akampima shemeji wa mwenye nyumba! Twaweza kusema kwamba yalikuwa mambo ya elimu ya wakati ule. Hata hivyo, katika nyumba yoyote ya Buhaya au ya Karagwe, mgeni wa namna hiyo angejulikana kwa jina lake.

Grant mwenyewe alikuwa mtu wa tabia nyingine. Alikuwa na mawazo ya wakati wake, na pengine aliandika kwa dharau, hilo halifichiki. Lakini alikuwa msikivu na mwenye subira, wala hakupenda kujitanguliza. Tarehe 14 Aprili 1862 aliondoka Bweranyange akibebwa katika machela. Alivushwa mto Kagera, ambao wao waliuita Kitangule, akapitishwa Buddu, na tarehe 27 Mei akaungana na Speke kwa Mutesa. Mwezi wa Julai, walipokaribia mto Nile, Speke alimwelekeza aende moja kwa moja Bunyoro pamoja na mizigo, kwa sababu mguu wake haungestahimili mwendo wa haraka. Hivyo tarehe 28 Julai 1862 Speke aliyaona peke yake maporomoko ambapo Nile hutoka ziwani. Grant alikuwa amesafiri karibu miaka miwili kwa ajili ya saa ile, naye hakuwapo. Wengi wamemshangaa, maana katika maisha yake yote hakulalamika hadharani. Na Speke alipokufa kwa bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wake na Burton mjini Bath, Grant ndiye aliyeendelea kulitetea jina la rafiki yake.

Maisha yake yaliyobakia yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Walifika Gondokoro mwezi wa Februari 1863, wakateremka mto mpaka Misri. Mwaka 1864 alipewa nishani ya dhahabu ya Chama cha Jiografia cha Uingereza. Alioa mwaka 1865. Mwaka 1868 alikwenda na jeshi la Kiingereza Uhabeshi, kisha akastaafu akiwa na cheo cha luteni kanali, akarudi Nairn kuishi na vitabu vyake. Yule swala mrefu wa nyika za Afrika ya Mashariki aitwaye swala granti ana jina lake. Alifariki huko Nairn tarehe 11 Februari 1892, na katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, limewekwa kumbukumbu lake. Huku kwetu hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2019 ilipewa jina la mwenyeji wake, Rumanyika, na ile ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka huo huo, imelizunguka ziwa alilolipitia.

Jambo moja lingali halijafanyika. Wale watumishi wa msafara waliotoka Unguja na kufika mpaka Misri, Sidi Mubarak Bombay na wenzake, walipigwa picha mjini Kairo mwaka 1863, na majina ya watu wa msafara yaliandikwa mwishoni mwa kitabu cha Speke. Tunawajua. Lakini katika picha za Karagwe zilizochapwa, mfalme ana jina, na ndugu yake Nnanaji ana jina. Wapiga zeze na wapiga ngoma hawana. Wasichana wanaocheza hawana. Kwa picha zilizopigwa baadaye na Wajerumani, wazee wangeweza kuulizwa, na wengine wangalikumbuka. Kwa watu wa mwaka 1862 hakuna tena mzee wa kuulizwa, ila ziko koo, ziko mitindo ya kusuka nywele na kuvaa ngozi, ziko zana na vilima vyenyewe ambavyo havikuhama. Mtu wa Bweranyange akiwekewa karatasi zile mezani, huenda angetambua kilima kilichoko nyuma ya mchezaji, na kwa kilima angetambua kijiji. Kazi hiyo haiwezi kufanywa Edinburgh. Nakala za picha zikiletwa Bukoba, Muleba na Kayanga, zikawekwa mahali ambapo wakulima na walimu waweza kuzitazama bila kulipa, yaweza kuanzwa.

Miongoni mwa picha za kitabu cha Speke iko moja inayomwonyesha Grant akiondoka Karagwe. Yeye amelala katika machela, ndevu zimemjaa, na watu wamembeba. Chini yake limeandikwa jina lake yeye aliyebebwa.